Nani Anakopesheka?

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Ukiifupisha, ilisema hivi: mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200, mahakama haitamsaidia kudai pesa zake, isipokuwa mkataba uwe umeandikwa na kushuhudiwa na afisa wa utawala. Shilingi 200 za wakati huo zilikuwa pauni 10. Angalia ujanja uliomo. Sheria haikusema Mwafrika asikopeshwe. Iliwafanya tu wenye pesa waogope kumkopesha, halafu ikanyamaza. Iliondolewa 1960, miaka mitatu kabla ya uhuru.

Sababu waliyoitoa ilikuwa ya huruma. Eti Mwafrika haelewi deni, Mhindi mwenye duka atamfilisi, kwa hivyo mkoloni, kama mzazi mwema, lazima amkinge. Huenda wako walioamini hivyo kwa moyo safi. Lakini matokeo ni kwamba mtu mwenye duka Kisumu au Yala, anayetaka kuagiza gunia 20 za sukari na kulipa mwisho wa mwezi kama mwenzake wa Kihindi afanyavyo, alilazimika kwanza kwenda kupanga foleni nje ya ofisi ya DC ili mzungu athibitishe kwamba yeye ni mtu wa kuaminika.

Mimi niliifikia sheria hii kwa kuzunguka. Nilikuwa natafuta kadi ya mkopo, tena sio kadi yoyote. Nilitaka moja ya zile ambazo ukilipia mafuta au ukinunua vitu supamaketi, benki inakurudishia asilimia fulani ya ulichotumia. Nilikuwa nimesoma masharti ya kadi kadhaa za hapa Kenya, nimechora jedwali kwenye daftari: ada ya mwaka, riba, siku za neema, kiwango cha juu cha pesa unazoweza kurudishiwa kwa mwezi. Ni kazi inayochosha lakini ina raha yake, kama kuchagua simu ambayo bado huna pesa ya kununua.

Naishi Muhoroni. Nilitoka chuoni kabla ya kumaliza na sasa naandika kwa kujitegemea, nalipwa makala kwa makala, mara nyingine kwa dola, mara nyingine kwa ahadi. Benki niliyoiendea mjini Kisumu, jina lake tuliache, ilitaka hati za mshahara za miezi 3 na barua ya mwajiri. Sina. Nikatoa taarifa za akaunti na za M-Pesa za mwaka mzima. Dada wa kaunta alizipitia zote, kwa upole sana, halafu akasema: "Bosi wangu, hii inaonyesha pesa inaingia. Haionyeshi unafanyia nani."

Nimeitafuna sentensi hiyo wiki nyingi. Kumbe swali la kwanza sio una pesa ngapi. Swali ni nani anakujua. Na ukilifuata swali hilo nyuma, hapa kwetu kandokando ya ziwa, unakuta lina zaidi ya miaka mia moja, na kila kizazi kilipewa karatasi yake ya kulijibu.

Hebu kwanza tutoke nje kidogo. Kadi zenyewe si za zamani hivyo. Diners Club ilianza New York mwaka 1950, kadi ya watu wa kula mahotelini. Septemba 1958, Bank of America ilichagua mji wa Fresno huko California na kuwatumia watu kama 60,000 kadi kwa posta. Hawakuwa wameomba. Ulifungua tu sanduku la barua ukakuta umeshakubaliwa. Mwaka huohuo wa 1958, mwenye duka wa Kisumu bado alihitaji sahihi ya afisa ili deni lake lipite shilingi 200. Nikiziweka tarehe hizo mbili pamoja, huwa nashindwa kuendelea kusoma kwa dakika kadhaa. Wala tusidhani Marekani walikuwa malaika: hadi sheria ya mwaka 1974, mwanamke huko aliweza kuambiwa na benki alete sahihi ya mumewe kwanza.

Mtindo wa kurudishiwa pesa nao ulikuja baadaye. Kadi ya Discover, ya kampuni ya maduka ya Sears, iliingia sokoni 1986 na kuufanya maarufu. Kabla ya hapo benki zilikuwa zinakuuzia hadhi. Sasa zikaanza kukuuzia hisia kwamba umewashinda akili.

Turudi ziwani. Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901, ikiwa imepita hapa Muhoroni njiani. Nyuma ya reli zikaja duka. Mfanyabiashara mkubwa wa enzi hizo alikuwa Allidina Visram, aliyekuwa na matawi kutoka pwani hadi Uganda na aliyefariki 1916. Watu humkumbuka kwa utajiri, lakini mimi kinachonivutia ni mkopo. Mzigo ulitoka Mombasa kwa deni, ukafika kwa wakala wa Kisumu kwa deni, ukaingia kwenye kiduka cha mabati kijijini kwa deni, na kila mmoja alimwamini mwenzake kwa sababu wanajuana: ukoo, dini, kijiji kimoja cha Gujarat. Benki hazikuwa na haja ya kuwepo. Mnyororo mzima ulikuwa wa daftari na majina. Mjaluo alikuwa mwisho wa mnyororo huo, kama mteja wa chumvi na shuka. Kuingia katikati yake kulihitaji kujulikana na watu ambao hawakuwa na sababu ya kukujua.

Jaramogi Oginga Odinga alilielewa hili mapema. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu Maseno, na mwaka 1947 yeye na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation. Walizunguka wakiuza hisa kwa Wajaluo popote walipokuwa wakifanya kazi, Nairobi, Mombasa, hadi Uganda na Tanganyika. Wakajenga Ramogi House mjini Kisumu, wakawa na mtambo wa kuchapisha Nairobi. Wengi tunaisimulia hadithi hii kama hadithi ya fahari ya Wajaluo, na ni kweli. Lakini isome upya ukijua kwamba sheria ya shilingi 200 ilikuja mwaka mmoja tu baadaye. Mtu ambaye hakopesheki anabaki na njia moja, nayo ni kuchanga. Chama cha mama yako, sacco ya mjomba wako, harambee ya karo, zote ni ndugu wa ile kampuni.

Kisha ikaja karatasi ya pili: hati ya ardhi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka shamba la Mwafrika lipimwe, lisajiliwe kwa jina la mtu mmoja, apewe hati, na kwa hati hiyo akope, alime mazao ya kuuza. Wazo halikuwa baya lote. Lakini jina lililoandikwa kwenye hati lilikuwa la mwanamume karibu kila mahali, na mke aliyelima shamba hilo akabaki hana cha kupeleka benki. Ukitaka kujua kwa nini shirika kama Kenya Women Finance Trust lililazimika kuzaliwa mwaka 1981, anzia hapo.

Muhoroni ni mtoto wa karatasi hizi zote. Sukari ilianza kusagwa Miwani, hapo chini tu, mwaka 1922, kiwanda cha kwanza nchini. Cha kwetu kilikuja katikati ya miaka ya 1960, pamoja na Chemelil. Mashamba ya walowezi yalikatwakatwa, watu wakapewa vipande kwa mkopo wa serikali, na hati haikutoka hadi deni liishe. Yaani ulikuwa na shamba lakini hukuwa na karatasi ya kulikopea. Mkopo wa kulima ukatoka kwenye muwa wenyewe: unalimiwa, unaletewa mbegu na mbolea, unakatiwa, unasafirishiwa, na yote yanaandikwa. Muwa unachukua karibu miaka miwili kukomaa. Siku ya malipo unapata karatasi yenye safu ndefu ya makato, na pale chini kabisa ndio unaona kilichobaki.

Babu yangu alikuwa na ekari 3 za miwa na alizihifadhi karatasi zake kwenye bahasha ya kaki. Nimezisoma. Kuna mwaka mmoja ambao baada ya miezi 22 ya kupalilia, tarakimu ya chini ina alama ya kutoa mbele yake. Aliivunia kampuni miwa yake na akabaki akidaiwa. Jina la kampuni naliacha. Kinachonishangaza ni kwamba kwa lugha ya leo babu alikuwa mtu mwenye historia nzuri sana ya mikopo, miaka zaidi ya 20 bila kukosa malipo hata mara moja, kwani malipo yalikatwa kabla hajaona senti. Hakuna benki iliyoijua historia hiyo. Ilikuwa ya kampuni.

Waliokuwa wakikopesheka Muhoroni ni wafanyakazi wa kiwandani. Walikuwa na hati ya mshahara, ile karatasi ya tatu, na mtu mwenye hati ya mshahara alichukua baiskeli, godoro, redio, akalipa kwa kukatwa. Kiwanda kiliwekwa chini ya mrasimu 2001, na tangu hapo wafanyakazi wamegoma zaidi ya mara moja wakidai malimbikizo. Karatasi ni ileile, ina nembo ileile, lakini thamani yake imeshuka. Hili dada wa kaunta hakulitaja. Mtu mwenye mwajiri asiyelipa kwa miezi anaonekana bora kwenye fomu kuliko mimi niliyelipwa jana.

Rika langu lina karatasi ya peke yake, na ni ya ajabu: tuliingia kwenye faili la madeni kabla hatujaingia kazini. Mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu ilianza 1974, na bodi ya HELB ikaundwa kwa sheria ya 1995. Unasaini ukiwa na miaka 18 au 19, kwa shangwe, maana pesa ya kwanza ikiingia ndio mtu ananunua laptopu au wufa. Ukimaliza au usipomaliza, deni ni lako. Ukikaa bila kulipa inaongezeka faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na jina linaweza kupelekwa CRB. Kwa hiyo kabla hujaomba kadi yoyote, anza kwa kuangalia faili lako. Kila ofisi ya CRB inatakiwa kukupa ripoti moja ya bure kwa mwaka, na anayetaka kukuorodhesha vibaya anatakiwa akupe notisi ya siku 30. Watu wengi hawajui hilo. Wanajua tu kuogopa.

CRB zenyewe ni za juzi. Kanuni zilitoka 2008, ofisi ya kwanza ikapata leseni 2010. Mwanzoni zilipokea habari mbaya tu: aliyeshindwa kulipa aliandikwa, aliyelipa vizuri hakuonekana kabisa. Ni hadi kanuni za 2013 ndipo wema nao ulianza kuandikwa. Fikiria shule inayotunza majina ya waliofeli peke yao.

Halafu simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, M-Shwari Novemba 2012, na hapo kitu kikubwa kilibadilika kimyakimya. Kwa mara ya kwanza katika historia hii yote, mtu wa Muhoroni asiye na hati ya ardhi, asiye na mwajiri, asiye na afisa wa kumshuhudia, aliweza kukopa usiku akiwa kitandani. Mashine ilimjua kwa muda wa maongezi anaonunua na pesa anazotuma. Sitaki kulidharau hilo kama wafanyavyo wachambuzi wengi. Mama anayekopa shilingi 800 asubuhi anunue omena Dunga, aziuze, alipe jioni, hakuwahi kuwa na benki nyingine yoyote.

Lakini bei! M-Shwari ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana ndogo hadi uzidishe kwa miezi 12: asilimia 90. Mwaka 2016 serikali iliwafungia wenye benki riba isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na benki zikawapa mgongo wakopaji wadogo. Programu za simu zikaijaza nafasi hiyo. Sheria ile ikafutwa 2019, mwaka ambao Fuliza nayo ilianza, na "kufuliza" kukawa kitenzi. Watu wakawa wanaingizwa CRB kwa mia tatu, mia nne, hadi Aprili 2020 Benki Kuu iliposema deni chini ya shilingi 1,000 lisimpeleke mtu huko. Novemba 2022 ikaja Hustler Fund, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa asilimia 8 kwa mwaka. Nani alisema sisi hatukopesheki? Sasa tunakopesheka hadi tunakosa pumzi. Ila tunakopesheka kwa vijisenti, kwa muda mfupi, kwa bei ya juu. Ule ukuta wa shilingi 200 haukubomoka, ulisogezwa tu.

Ndio maana kadi ya kurudishiwa pesa ni kipimo kizuri. Yenyewe iko upande wa pili wa ukuta. Siku 40 hivi au 50 za kutumia pesa ya benki bila riba, na juu yake unalipwa kwa kuitumia. Pesa hizo zinatoka wapi? Sehemu inatoka kwa mwenye duka, anayekatwa kila unapotelezesha kadi, na ambaye hupandisha bei kwa wote, hata kwa anayelipa taslimu. Sehemu inatoka kwa wenye kadi wasioweza kulipa deni lote mwisho wa mwezi. Mwaka 2010 wachumi wa tawi la Boston la benki kuu ya Marekani walipiga hesabu: familia inayotumia taslimu ilikuwa inawalipia wenye kadi kama dola 149 kwa mwaka, na familia yenye kadi ilipokea kama dola 1,133. Anayetumia taslimu kwa kawaida ndiye mwenye kipato kidogo. Kwa maneno mengine, zawadi ya kadi huchangwa na yule aliyenyimwa kadi.

Nilipoisoma hiyo nilitaka kususa. Halafu nikajiuliza, nikisusa, nani atanufaika? Si mama wa omena. Kwa hivyo nikarudi kwenye jedwali langu.

Hesabu zangu, kwa anayezitaka. Tuseme kadi inarudisha asilimia 1 na wewe unatumia 20,000 kwa mwezi: unapata 200, sawa na 2,400 kwa mwaka. Ikiwa ada ya mwaka ni 3,500, umelipa 1,100 ili ujisikie mjanja. Tafuta yenye ada ndogo au isiyo nayo. Soma ni manunuzi gani yanahesabiwa, maana kutoa pesa kwenye ATM kwa kadi ya mkopo hakurudishiwi kitu na riba huanza siku hiyohiyo. Na tuseme riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi: ukibakiza 10,000 mwezi mmoja umepoteza 350, na zawadi ya hizo 10,000 ilikuwa 100. Yeyote asiye na hakika ya kulipa lote kila mwezi aachane nayo, bila aibu yoyote.

Kwa sisi tusio na mwajiri kuna mlango wa pembeni. Baadhi ya benki hukubali uweke akiba ya kudumu kama dhamana, kisha zinakupa kadi yenye kikomo cha sehemu ya hiyo akiba. Niliambiwa nikiweka 50,000 nitapata kikomo cha 40,000. Yaani nikopeshwe pesa zangu mwenyewe, nilipe kwa wakati, na baada ya mwaka mmoja au miwili faili langu liwe na mtu wa kunijua: wao. Nimeichukia hesabu hiyo, na nimeanza kuiwekea pesa.

Tatizo lililobaki ni la kijiografia. Karibu kila mtu Muhoroni anapokea kwa till au kwa namba ya simu. Mashine za kadi nilizozoea kuziona ziko Kisumu, kama kilomita 50 kutoka hapa, na nauli ya matatu kwenda na kurudi inakula zawadi ya mwezi mzima. Unga nanunua kwa jirani, mama mwenye duka la kona, kwa deni. Bei yake iko shilingi 10 juu ya ile ya supamaketi, na najua vizuri kwamba hiyo 10 ndiyo riba. Kwenye daftari lake jina langu ni "Kijana wa Kompyuta". Kikomo changu kilikuwa 1,500. Mwezi uliopita amekipandisha hadi 2,000, na hakuniuliza nafanyia nani.